Je, mikusanyo ya nyimbo za hevi metali 'zilizosafishwa upya' inafaa kununuliwa?

WAPENZI wa muziki wa hevi metali hawakosi kukutana na kishawishi kimoja kila mwaka. Kampuni inayomiliki kazi za bendi waliyoipenda tangu ujanani hutoa diski mpya yenye nyimbo zile zile za zamani. Jalada lake humetameta, na juu yake huwa kumebandikwa maneno yanayodai kwamba hizo ndizo nyimbo bora kabisa za bendi hiyo na kwamba sauti yake imesafishwa upya.

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ndiyo maana mashabiki wengi huinunua diski kama hiyo, wakafika nyumbani na kugundua kwamba tayari wanamiliki kila wimbo uliomo.

Biashara hii hushika kasi zaidi msanii mkongwe anapoaga dunia au albamu maarufu inapotimiza miaka kadhaa tangu itolewe. Ozzy Osbourne, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, alifariki Julai 22, 2025 akiwa na umri wa miaka 76. Hiyo ilikuwa siku 17 tu baada ya tamasha lake la kuwaaga mashabiki katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, Uingereza. Kijana aliyelisikia jina lake kwa mara ya kwanza kupitia habari hizo, na ambaye sasa angependa kuusikia muziki wenyewe, hukuta mbele yake albamu za awali, matoleo yaliyosafishwa mara kadhaa na mikusanyo ya kila aina. Aanzie wapi?

Jibu linategemea mambo matatu: ni nini hasa kilichofanyiwa nyimbo hizo studioni, ni nani aliyezichagua, na mnunuzi mwenyewe tayari ana nini katika kabati lake.

Kusafisha si kuchanganya

Ili kuelewa maana ya kusafisha upya, ni muhimu kufahamu kwamba wimbo hupitia hatua tatu kabla ya kumfikia msikilizaji.

Kwanza, kila ala hurekodiwa katika njia yake. Gitaa la solo huwa na njia yake, gitaa la besi yake, ngoma zake na sauti ya mwimbaji yake. Pili, fundi huzichanganya njia hizo zote na kupata kanda kuu yenye njia mbili pekee, ya kushoto na ya kulia. Kazi hiyo huitwa miksingi. Tatu, kanda hiyo kuu hupelekwa kwa fundi mwingine anayeirekebisha kwa jumla ili isikike vyema kwenye santuri, kanda, diski au intaneti. Hiyo ndiyo masteringi.

Kampuni inaposema kwamba albamu imesafishwa upya, ina maana kuwa ni hatua hiyo ya tatu pekee iliyorudiwa. Fundi huichukua kanda kuu ya zamani, huinakili kwa mitambo ya kisasa, hupunguza mvumo wa kanda, huongeza au kupunguza sauti nzito na nyembamba, kisha hupanga kiwango cha sauti.

Kazi hiyo ina mipaka yake. Mpishi wa pilau anaweza kuongeza chumvi kwenye sufuria nzima hata baada ya mchele kuiva, lakini hawezi tena kuitoa bizari iliyokwisha kuingia. Vivyo hivyo, anayesafisha kanda yenye njia mbili hawezi kuichomoa ala moja na kuipandisha bila ya kuzigusa nyingine.

Mfano ulio wazi ni albamu ya Metallica iitwayo ...And Justice for All, iliyotolewa mwaka wa 1988. Hiyo ndiyo iliyokuwa albamu nzima ya kwanza kwa mpigaji gitaa la besi Jason Newsted, aliyejiunga na bendi baada ya Cliff Burton kufa katika ajali ya basi nchini Uswidi mnamo Septemba 1986. Kwa miaka mingi mashabiki wamelalamika kwamba besi ya Newsted haisikiki karibu kabisa.

Albamu hiyo ilipotolewa tena mwaka wa 2018 ikiwa imesafishwa upya, waliotarajia kuisikia besi hiyo walivunjika moyo. Haikuwa imechanganywa upya. Kilichofichwa mwaka wa 1988 kilibaki kimefichwa, ijapokuwa sasa kilikuwa kimefichwa kwa usafi zaidi.

Ni kweli kwamba programu za akili unde za miaka ya hivi karibuni zinaweza kuzitenganisha sauti zilizokwisha kuchanganyika. Wimbo wa Beatles wa Now and Then, uliotolewa mwaka wa 2023, ulitengenezwa baada ya sauti ya John Lennon kutolewa katika kanda ya zamani kwa njia hiyo. Hata hivyo, kazi ya aina hiyo ni kuchanganya upya, wala si kusafisha, na mnunuzi anafaa kuelezwa hivyo kwenye jalada.

Kwa nini usafishaji ulihitajika

Haimaanishi kwamba usafishaji wote ni hadaa. Kuna sababu nzuri zilizofanya albamu nyingi za miaka ya sabini na themanini zihitaji kazi hiyo.

Diski za CD zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 1982. Kampuni za muziki zilipoona kwamba wateja walikuwa tayari kununua upya albamu walizokuwa nazo kwenye santuri, zilifanya haraka kuzijaza rafu za maduka. Mara nyingi kanda iliyotumiwa haikuwa kanda kuu halisi, bali nakala iliyokuwa imetayarishwa kwa ajili ya kuchonga santuri.

Santuri ina masharti yake. Besi ikizidi, mfereji unaochongwa huwa mpana na sindano inaweza kuruka. Kwa hivyo mafundi walikuwa wakiipunguza besi hiyo mapema. Nakala kama hizo zilipotiwa kwenye CD bila ya marekebisho, matokeo yake yalikuwa sauti nyembamba isiyo na uzito.

Kwa muziki wa hevi metali, hasara hiyo ni kubwa kuliko kwa aina nyingine nyingi za muziki. Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika ajali kiwandani akiwa kijana, alizilegeza nyuzi za gitaa lake katika albamu ya Master of Reality ya mwaka wa 1971. Nyuzi zilizolegezwa zilimpunguzia maumivu, na wakati huo huo zikatoa ngurumo nzito ambayo bendi nyingi zimeiiga hadi leo. Msikilizaji anayepata nakala isiyo na besi hapotezi pambo tu, bali anaukosa uti wa mgongo wa muziki wenyewe.

Kutokana na hali hiyo, usafishaji uliofanywa kwa uangalifu kutoka kwenye kanda kuu halisi ni huduma ya kweli kwa msikilizaji. Tatizo ni kwamba usafishaji wa aina hiyo haukudumu kuwa kawaida.

Vita vya sauti ya juu

Kuanzia miaka ya tisini, kampuni za muziki ziliingia katika mashindano ya kuifanya kila diski isikike kwa nguvu zaidi kuliko ya mwenzake. Dhana iliyowasukuma ni rahisi: binadamu akisikilizishwa wimbo mmoja mara mbili, mara ya pili ukiwa juu kidogo, mara nyingi atasema kwamba wa pili ndio bora.

Lakini sauti ya kidijitali ina dari isiyoweza kupitwa. CD inaweza kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Ukitaka wimbo mzima usikike kwa nguvu bila ya kuivunja dari hiyo, huna budi kuzibana sehemu za juu na kuzipandisha zile za chini. Ukizidi kubana, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na kinachosikika ni mkwaruzo.

Athari yake kwa hevi metali ni ya kusikitisha. Pigo la ngoma, ambalo lilipaswa kumgonga msikilizaji kifuani, huwa bapa. Sehemu tulivu inayotangulia kishindo cha magitaa hupandishwa hadi ikalingana na kishindo chenyewe, na mshtuko uliokusudiwa na mtunzi hupotea. Msikilizaji huanza kuchoka baada ya nyimbo tatu au nne bila ya kujua sababu. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya albamu ya Death Magnetic, ambayo Metallica waliitoa Septemba 2008. Nyimbo hizo hizo zilipatikana pia katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, zikiwa hazijabanwa kiasi hicho. Mashabiki walipolinganisha, waligundua kwamba zile za mchezoni zilikuwa na uhai zaidi kuliko za kwenye diski waliyoinunua. Maelfu walitia sahihi ombi la kutaka albamu hiyo itengenezwe upya. Fundi aliyefanya masteringi naye alieleza kwamba muziki ulimfikia ukiwa tayari umebanwa.

Albamu hiyo ilikuwa mpya, lakini mtindo huo huo ulitumika kwa kazi nyingi za zamani zilizosafishwa upya katika miaka hiyo. Shabiki aliyeuza CD yake ya miaka ya themanini ili anunue toleo lililosafishwa huenda aliuza sauti yenye pumzi akanunua kelele.

Leo mashindano hayo yamepoteza sehemu kubwa ya maana yake. Huduma za kusikiliza muziki kupitia intaneti husawazisha viwango vya sauti. Spotify, kwa mfano, kwa kawaida huuteremsha wimbo uliopandishwa kupita kiasi ili ulingane na mwingine. Wimbo uliobanwa hauna tena faida ya kusikika kwa nguvu, lakini madhara ya kubanwa kwake yanabaki pale pale.

Anayenunua santuri mpya pia anafaa kuwa macho. Santuri iliyochongwa kutokana na faili ya kidijitali iliyokwisha kubanwa haiwezi kurudisha kile kilichokatwa, hata ikiwa nzito na ya bei ghali kiasi gani.

Majina yale yale, wapigaji wengine

Kuna jambo zito kuliko ubora wa sauti. Wakati mwingine kinachouzwa kama toleo lililosafishwa si kile kilichopigwa na wanamuziki wa awali.

Mwaka wa 2002, albamu mbili za kwanza za Ozzy Osbourne baada ya kuondoka Black Sabbath, Blizzard of Ozz ya 1980 na Diary of a Madman ya 1981, zilitolewa tena. Mpigaji besi Bob Daisley na mpigaji ngoma Lee Kerslake, walioshiriki kuzitengeneza, walikuwa wamefika mahakamani kudai mirabaha yao. Katika matoleo hayo mapya, besi na ngoma zao zilifutwa, na mahali pake pakawekwa upigaji wa Robert Trujillo na Mike Bordin.

Gitaa la Randy Rhoads, aliyefariki katika ajali ya ndege Machi 19, 1982, lilibaki. Lakini wenzake aliopiga nao chumba kimoja hawakuwepo tena. Mnunuzi alikuwa akisikiliza mazungumzo ambayo nusu ya wasemaji wamebadilishwa miaka 20 baadaye.

Malalamiko ya mashabiki hayakukoma hadi mwaka wa 2011, albamu hizo zilipotolewa tena zikiwa na upigaji wa awali. Kerslake alifariki Septemba 2020, akiwa ameishi kuona ngoma zake zikirudishwa mahali pake. Hata hivyo, diski za 2002 zingali zinauzwa mitumba, na asiyejua historia hiyo anaweza kuinunua kwa kudhani kwamba ndiyo albamu halisi.

Kisa cha Megadeth kinafanana na hicho, ingawa sababu zake ni tofauti. Mwaka wa 2004, kiongozi wa bendi hiyo Dave Mustaine alichanganya upya albamu walizozitoa chini ya kampuni ya Capitol. Baadhi ya kanda hazikupatikana, na ikambidi aimbe upya sehemu kadhaa za albamu ya Rust in Peace ya mwaka wa 1990. Nyimbo zilizofanyiwa kazi hiyo ndizo zilizoingizwa katika mkusanyo wa Greatest Hits: Back to the Start wa mwaka wa 2005, ambao nyimbo zake zilichaguliwa na mashabiki. Wapo wanaopenda uwazi wa sauti hiyo mpya. Wapo pia wanaosema kwamba huo si muziki waliokua nao.

Bendi nyingine hurekodi upya nyimbo zao za zamani. Testament walifanya hivyo mwaka wa 2001 katika First Strike Still Deadly, na Saxon wakafuata mwaka wa 2002 katika Heavy Metal Thunder. Si kosa kufanya hivyo, na mara nyingine ndiyo njia pekee ya msanii kupata nakala ya wimbo wake ambayo kampuni ya zamani haina haki nayo. Kosa ni kumuuzia mtu nyimbo hizo bila ya kumfahamisha.

Msomaji anayependa zilizopendwa za hapa Afrika Mashariki analielewa jambo hili vyema. Wimbo wa zamani ukirekodiwa upya unaweza kuchezeka vizuri harusini, lakini anayetafuta sauti ya marehemu aliyeuimba mwanzo hatatosheka nao.

Je, hevi metali ina 'nyimbo bora'?

Suala jingine ni iwapo muziki huu unafaa kukusanywa kwa namna hiyo hata kidogo.

Muziki wa pop hujengwa juu ya wimbo mmoja mmoja unaopigwa redioni. Hevi metali, tangu Black Sabbath walipotoa albamu yao ya kwanza Februari 1970, imejengwa juu ya albamu nzima. Ni kweli kwamba wimbo wa Paranoid ulifika nambari nne nchini Uingereza mwaka huo, lakini bendi hiyo haikujulikana kwa kuandama chati.

Baadhi ya albamu husimulia hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Operation: Mindcrime ya Queensrÿche, ya mwaka wa 1988, ni mfano wake. Ukichomoa nyimbo mbili na kuzitia katika mkusanyo, ni sawa na kurarua sura mbili za riwaya na kumpa mtu azisome.

Aidha, kuna nyimbo ambazo urefu wake huzifanya zikose nafasi. Iron Maiden walifunga albamu yao ya Powerslave ya mwaka wa 1984 kwa Rime of the Ancient Mariner, wimbo wa zaidi ya dakika 13 uliotokana na shairi la Samuel Taylor Coleridge. Mashabiki wengi huuhesabu miongoni mwa kazi kuu za bendi hiyo. Hata hivyo, haumo katika mkusanyo wao wa mwaka wa 2002 uitwao Edward the Great, uliojaa nyimbo zilizotolewa kama singo.

Mkusanyo mwingine wa bendi hiyo, Somewhere Back in Time wa mwaka wa 2008, unaonyesha jinsi historia inavyoweza kupindwa bila ya neno lolote la uongo kusemwa. Unahusu miaka ya 1980 hadi 1989. Albamu mbili za kwanza za kipindi hicho ziliimbwa na Paul Di'Anno, aliyefariki Oktoba 2024. Lakini nyimbo za albamu hizo zilizomo katika mkusanyo huo, kama vile Wrathchild na Phantom of the Opera, zimetolewa katika rekodi ya jukwaani ya mwaka wa 1985, zikiwa zimeimbwa na mrithi wake, Bruce Dickinson.

Anayeanzia hapo anaweza kuimaliza diski nzima bila ya kujua kwamba Di'Anno aliwahi kuwako. Kwa upande mwingine, mkusanyo huo ulitolewa wakati wa ziara kubwa ya dunia ya bendi hiyo ili kuwapa mashabiki wapya muhtasari wa nyimbo watakazosikia, na kwa lengo hilo ulifaa.

Mikusanyo iliyostahili pesa za mashabiki

Pamoja na hayo yote, ipo mikusanyo ambayo hata shabiki mwenye kila albamu hangejutia kuinunua.

Mwaka wa 1984, kampuni ya Bronze ilipotaka kutoa mkusanyo wa nyimbo za Motörhead, kiongozi wa bendi Lemmy Kilmister alisisitiza kwamba ni yeye atakayezichagua. Matokeo yake yalikuwa No Remorse. Lemmy aliandika maelezo ya nyimbo hizo, na bendi ikaongeza nne mpya, ukiwemo Killed by Death, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa nyimbo zake maarufu zaidi. Toleo moja hata liliuzwa katika jalada la ngozi.

Mwaka wa 2007, Black Sabbath walitoa The Dio Years, mkusanyo wa nyimbo zilizoimbwa na Ronnie James Dio. Kwa ajili yake, Dio, Iommi, mpigaji besi Geezer Butler na mpigaji ngoma Vinny Appice walikutana tena na kurekodi nyimbo tatu mpya. Mkutano huo ulizaa bendi ya Heaven & Hell, ziara ya dunia na albamu ya The Devil You Know ya mwaka wa 2009. Dio alifariki Mei 16, 2010. Bila ya mkusanyo huo, huenda sura ya mwisho ya maisha yake ya muziki isingeandikwa jinsi ilivyoandikwa.

Mikusanyo hiyo miwili ina mambo mawili ya pamoja. Wanamuziki wenyewe walihusika, na mnunuzi alipata kitu ambacho hakukipata kwingineko.

Kinyume chake ni mikusanyo inayotolewa na kampuni ambayo bendi ilikwisha kuihama. Judas Priest walipoondoka Gull na kwenda CBS, Gull ilibaki na haki za albamu zao mbili za kwanza, Rocka Rolla ya 1974 na Sad Wings of Destiny ya 1976. Kwa kutegemea zaidi albamu hizo mbili, kampuni hiyo ilitoa The Best of Judas Priest mwaka wa 1978 na Hero, Hero mwaka wa 1981, bendi ilipokuwa ikizidi kupata umaarufu kwa kazi ilizozifanya kwingine. Ni vigumu kuziita nyimbo za albamu mbili za mwanzo kuwa bora zaidi za bendi ambayo imedumu zaidi ya nusu karne.

Inafaa kukumbukwa pia kwamba bendi kadhaa kubwa zimekataa mtindo huu. Metallica hawajawahi kutoa mkusanyo wa kawaida wa nyimbo zao bora za studioni. Hilo halijawazuia kuuza mamilioni ya albamu.

Hesabu ya mnunuzi

Kabla ya kutoa pesa, shabiki anapaswa kujiuliza maswali machache.

La kwanza ni maandishi ya jalada yanasema nini. Neno 'remastered' lina maana kuwa ni masteringi pekee iliyorudiwa. 'Remixed' humaanisha kwamba ala zimechanganywa upya, na 're-recorded' kwamba nyimbo zimepigwa upya. Mara nyingi maneno haya huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, huku sifa zikiandikwa kwa herufi kubwa mbele.

La pili ni mwaka wa kazi hiyo. Albamu moja inaweza kuwa imesafishwa mara tatu au nne, na toleo la karibuni si lazima liwe bora. Iron Maiden, kwa mfano, walisafisha albamu zao mwaka wa 1998 na tena mwaka wa 2015. Njia ya uhakika ni kusikiliza matoleo mawili ya wimbo mmoja, ukihakikisha kwamba umeyasawazisha kwa sauti. Usipofanya hivyo, sikio litalichagua lile la juu na kukudanganya.

La tatu ni hesabu ya nyimbo. Ikiwa mkusanyo una nyimbo 16 na tayari unazo 14, unalipia mbili. Ikiwa hizo mbili zinauzwa peke yake mtandaoni, huna sababu ya kulipia zote.

La nne ni iwapo kuna jambo jipya: nyimbo ambazo hazijawahi kutolewa, rekodi za jukwaani, maelezo ya wanamuziki au picha za enzi hizo. Toleo la mwaka wa 2009 la albamu ya Paranoid, kwa mfano, liliambatana na mchanganyiko wa sauti wa njia nne ambao ulikuwa umeadimika tangu miaka ya sabini. Hicho ni kitu cha thamani kwa mkusanyaji.

Kwa shabiki wa Kenya, hesabu hii ina upande mwingine. Diski nyingi za aina hii hulazimika kuagizwa kutoka ng'ambo, na gharama ya kusafirisha pamoja na ushuru huweza kukaribia bei ya diski yenyewe. Tangu Spotify ilipozinduliwa nchini Februari 2021, na huduma nyingine zikiwemo, mtu anaweza kujitengenezea orodha yake ya nyimbo bora kwa dakika kumi. Mkusanyo usio na chochote zaidi ya nyimbo zinazopatikana huko hauna kazi tena.

Kutokana na hayo, ushauri kwa anayeanza ni kuutumia mkusanyo kama mlango, wala si kama nyumba. Ausikilize mtandaoni, atambue ni kipindi gani cha bendi kinachomvutia, kisha pesa zake azitumie kununua albamu moja nzima ya kipindi hicho. Anayevutiwa na Black Sabbath ya mwanzo atafaidika zaidi na Paranoid au Master of Reality iliyosafishwa kwa uangalifu kuliko diski yenye vipande kutoka albamu nane.

Kwa shabiki wa miaka mingi, mkusanyo unafaa ikiwa tu wanamuziki wenyewe wameuandaa na una kitu kipya. La sivyo, albamu alizo nazo zinamtosha. Na ikiwa anayo CD ya miaka ya themanini yenye sauti ya chini kidogo, asiharakishe kuitupa. Aongeze sauti ya redio yake kwanza, asikilize ngoma zinavyopumua, ndipo aamue iwapo kuna kitu kilichohitaji kusafishwa.